Sura ya Sita: Namba Zilizopotea Mvua Ikinyesha

Jumanne, tarehe 14 Aprili 2026. Kitale iliamka na ukungu mzito wa kulowesha nguo kwenye kamba, na upande wa Mlima Elgon wingu jeusi lilikuwa limeketi tangu alfajiri bila dalili ya kuondoka. Chesang alilitazama akiwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi, akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwizi wa namba aliyekuwa akimtafuta alitoka siku za mvua tu.

Chesang alikuwa mwanamke aliyetumikia polisi miaka ishirini na saba, akastaafu akiwa sajini wa upelelezi. Akiwa na miaka hamsini na miwili alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta pale mjini, akakaa dawati moja na vijana wa rika la kitinda mimba wake, akafeli mtihani wa kwanza, akaurudia, akafaulu. Sasa watu walimwita pale mashine zilipowashinda na wanadamu wakaanza kushukiana.

Waliomwita safari hii walikuwa umoja wa wakulima wa kando ya mto, wenye ofisi mjini Bungoma. Juu mlimani, Cheptais, kifaa kilichofungwa kwenye nguzo kilipima kina cha mto kila dakika kumi na kukirusha kwa redio hadi ofisini. Redio hiyo iliunganishwa na kompyuta kwa kebo iliyoingia kwenye mlango wa siriali, ule wa pini tisa nyuma ya mashine. Kompyuta iliendeshwa na mfumo uitwao Linux, na ndani yake programu moja waliyoiita Mlinzi ilikaa mlangoni usiku na mchana, ikisoma kila kipimo na kukiandika. Kina kikifika sentimita mia tatu, Mlinzi aliwasha king'ora kule bondeni, watu wakahama.

Alhamisi iliyopita kina kilipita mia tatu na arobaini, na king'ora hakikulia. Daraja la miguu lilikwenda na ndama wawili, na mzee mmoja alitolewa majini kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Walipofungua kumbukumbu za Mlinzi wakakuta mapengo, moja likiwa pale pale maji yalipopanda. Mapengo yote yalikuwa ya siku za mvua. Lawama ikamwangukia Kiplangat, mtunza kifaa wa Cheptais, na kamati ingekaa leo saa nane mchana kumfuta kazi.

Jana Chesang alikuwa amepanda hadi Cheptais. Alikuta kwenye betri ya kifaa waya wa kuchajia simu, na Kiplangat, mtu mzima wa miaka arobaini, akakiri kwa aibu kwamba wakati wa Krismasi alichaji simu za majirani wawili. Ushahidi huo ulimbana. Lakini kifaa chenyewe kilikuwa na kumbukumbu yake ndogo, na humo hakukukosekana kipimo hata kimoja, cha mvua wala cha jua. Chesang alimwambia ashuke Bungoma leo na daftari lake.

Alipita Kiminini na Kamukuywa akiendesha gari polepole, wipa moja ya kioo ikifanya kazi ya mbili. Alifika saa tatu kasoro robo. Kabla ya kushuka aliinamisha kichwa juu ya usukani, akaomba kwa maneno machache, kama alivyofanya kila asubuhi tangu siku yake ya kwanza kazini: aione kweli, na asimwonee mtu.

Mwenyekiti, Mzee Mukhisa, alikuwa mwalimu mkuu zamani na bado alisimama mlangoni kama anayesubiri wachelewaji.

"Sajini, mimi sitaki maneno mingi," alisema. "Huyo jamaa anachajia simu kwa betri ya mto, wingu likikaa betri inaisha, mto unanyamaza. Si ni hivyo tu?"

"Huenda, Mzee. Nipe mpaka saa nane."

"Na hata daftari yake ni ya uongo. Nililinganisha mwenyewe na kompyuta. Hakuna mstari unaopatana."

Chesang aliliandika hilo kwenye kijitabu chake.

Kompyuta ilikuwa mezani kwa karani wa ofisi, Nakhungu, binti wa miaka thelathini hivi mwenye sauti ya upole. Alikuwa amemwandalia mgeni chai na viazi vitamu vilivyochemshwa, na hakutulia hadi Chesang alipoonja. Juu ya meza palikuwa na picha ya mama mmoja aliyesimama mbele ya nyumba ya mabati, mto ukionekana nyuma yake. Chini ya kibodi ilichungulia pembe ya karatasi iliyogeuka manjano. Chesang aliona vyote viwili, hakugusa.

Mvua ilikuwa imeshaanza huko mlimani. Saa tatu ilipopita tu simu ya Nakhungu iliita, akachungulia kompyuta, akageukia dirishani na kuongea chini chini.

"Usianze kubeba godoro, mama. Iko mia mbili kumi na nane, bado sana. Si nilisema nitakupigia? Haya, kunywa dawa."

Chesang alitazama skrini. Kwenye orodha ya Mlinzi kulikuwa na kipimo cha saa tatu kasoro dakika ishirini na cha saa tatu kasoro kumi. Cha saa tatu hakikuwepo. Aliandika 218 kwenye kijitabu, akaizungushia duara, akasubiri. Dakika kumi baadaye Mlinzi alipokea kitu, akakikataa na kukitupa kwenye faili la takataka. Chesang alilifungua. Badala ya CHEPTAIS na kina chake, paliandikwa CHEP9.

Hapo akaanza kazi.

Alianza na mwendo, kwa kuwa redio na kompyuta zisipokubaliana juu ya mwendo wa kutuma herufi, kinachosomwa ni uchafu. Alikagua pande zote mbili, zikawa sawa. Isitoshe, CHEP9 haikuwa uchafu. Zilikuwa herufi safi kabisa, isipokuwa baadhi ya wenzao hawakuwepo.

Kisha kebo. Fundi aliyeitengeneza alikuwa ametumia nyaya tatu tu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Zile za kumwambia mwenzako ngoja kwanza nimeze hakuziweka. Mzee Mukhisa alipoonyeshwa alifurahi, akasema basi mwizi ni fundi, ati alijua tangu mwanzo kwamba yule bwana ni wa mkato. Chesang aliipenda dhana hiyo pia, kwa robo saa. Alichomoa kebo, akaweka aliyokuja nayo, yenye nyaya zote. Kipimo kilichofuata kikapotea vilevile.

Ilibaki kuuliza swali alilowahi kuwauliza mamia ya watu waliopotelewa na ng'ombe: mara ya mwisho alionekana wapi? Mwalimu wake wa jioni alikuwa amemfundisha kwamba kiini cha mfumo, kile kinachotawala mashine nzima, huhesabu kila herufi inayoingia mlangoni, na tena huandika pembeni herufi zilizomwagika kwa kukosa nafasi. Chesang alinakili hesabu hiyo. Alingoja vipimo vitatu, nusu saa, akila viazi vya Nakhungu na kusikiliza habari za mama yake, Agneta, aliyekataa kuhama bondeni kwa sababu kaburi la mumewe liko pale.

Kila kipimo kilikuwa na herufi kumi na mbili, ukihesabu tarakimu na nafasi tupu, na alama moja ya kufunga mstari. Vipimo vitatu ni thelathini na tisa. Alisoma hesabu tena. Ilikuwa imeongezeka thelathini na tisa kamili, na hakuna iliyomwagika. Kwa Mlinzi zilikuwa zimefika kumi na nane.

Aliweka kalamu chini. Redio haikuwa na kosa, wala kebo, wala mlango wenyewe. Herufi zote ziliingia nyumbani zikiwa hai. Zilipotelea ndani.

Kiplangat alifika saa tano, koti likimchuruzika, daftari likiwa limefungwa mara mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Alimsalimia Chesang kwa Kikalenjin, "Chamgei, Mama," akabaki amesimama mlangoni hadi Nakhungu alipomsogezea kiti na kumletea chai. Mzee Mukhisa hakumtazama.

Chesang alifungua daftari. Mistari ilikuwa imenyooka, kipimo kimoja kila saa, mchana wote, kila siku ya juma. Alimwita mwenyekiti, akamwomba aonyeshe mstari wa uongo. Mzee aliweka kidole kwenye Jumatano ya wiki iliyopita, kisha kwenye kompyuta.

"Yeye ameandika saa nne, mia moja tisini. Kompyuta, saa nne, mia moja sabini na mbili. Ona."

"Mzee, hii 04:00 ya kompyuta ni saa ngapi?"

Mzee Mukhisa alifungua kinywa. Akatazama saa ya mkononi. Kompyuta ilihesabu kuanzia usiku wa manane, na Kiplangat, kama mtu yeyote wa nyumbani, alihesabu kuanzia mapambazuko. Saa nne yake ya asubuhi ilikuwa 10:00 ya mashine. Chesang alishuka kwenye skrini hadi mstari wa 10:00, na hapo palikuwa na mia moja tisini. Walijaribu siku nyingine tano. Palipokuwa na namba zote mbili, zilipatana.

"Nilifundisha hesabu miaka thelathini," mzee alisema polepole. "Hii msiambie mtu."

Kiplangat alicheka ndani ya kikombe, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mwenyekiti akamtazama usoni.

"Lakini bado kuna mapengo," mzee alisema. "Na bado ni siku za mvua. Betri—"

"Mzee, Pasaka ulikuwa wapi?"

Alikuwa kanisani, alijibu, angekuwa wapi tena. Na mvua? Mvua ilinyesha mpaka wanakwaya wakabeba viatu mkononi. Chesang aliikumbuka pia. Kanisani kwao Kitale walisukuma gari la pasta kwenye matope baada ya ibada ya Ijumaa Kuu, na Jumapili wakalisukuma tena. Alifungua daftari kwenye Ijumaa hiyo, tarehe tatu, akashuka hadi Jumatatu, tarehe sita. Mto ulikuwa juu siku zote nne. Kisha akafungua orodha ya Mlinzi ya siku hizo hizo. Hakuna pengo. Vipimo vyote vilikuwepo, mia moja arobaini na vinne kwa siku. Jumanne ofisi ilipofunguliwa, mvua ikiwa ile ile, mapengo yakarudi saa mbili na dakika chache asubuhi, yakaisha saa kumi na moja jioni.

"Kiplangat hana likizo," Chesang alisema. "Betri haina likizo. Mvua nayo haikwenda likizo ya Pasaka. Ni nani alikwenda?"

Nyuma yao Nakhungu, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama na sinia mkononi.

Chesang alirudi kwenye kompyuta, akaandika amri fupi ya kuuliza mfumo ni nani ameushika mlango wa siriali kwa wakati huo. Alitarajia jina moja. Yalikuja mawili. La kwanza lilikuwa Mlinzi. La pili lilikuwa *cat*, programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kusoma kinachopita na kukionyesha kwenye skrini. Ilikuwa imefunguliwa leo saa mbili na dakika kumi na mbili, kwa jina la nakhungu.

Aliomba radhi, akamwita binti amsindikize nje wakanyooshe miguu. Walisimama barazani, maji yakidondoka kutoka kwenye mabati mbele yao.

"Mwanangu, asubuhi ulimwambia mama mia mbili kumi na nane," Chesang alisema. "Mlinzi hakuipata namba hiyo. Kiplangat ameiandika kwenye daftari, lakini alikuwa bado hajafika. Wewe uliiona wapi?"

Nakhungu alieleza bila kuficha, kwa kuwa hakujua kwamba palikuwa na la kuficha. Fundi aliyefunga redio mwaka jana alimwandikia amri kwenye karatasi, akamwambia akiitumia ataona kama mto unaongea. Karatasi hiyo aliiweka chini ya kibodi. Tangu mvua za Machi zianze, kila akifika kazini na kuona wingu mlimani, alifungua kidirisha kidogo, akaandika amri ile, akakishusha chini ya skrini. Akipata nafasi alichungulia, akampigia mama. Jioni alikifunga, akaenda nyumbani. Mara nyingine namba zilikuja nusu nusu, akadhani ndivyo mto unavyoongea.

"Namba moja inasomwa mara moja tu," Chesang alimwambia. "Mlango hautoi nakala. Wewe kwa kile kidirisha, na Mlinzi, mlikuwa mnakula sahani moja, tonge likichukuliwa na huyu, yule halioni. Ukilipata lote, yeye anakosa. Mkilikata katikati, yeye anatupa."

Nakhungu alikaa chini kwenye ngazi, maji yakamdondokea begani.

"Alhamisi," alisema. "Alhamisi niliona mia tatu arobaini na moja. Nikampigia mama akapanda kwa shangazi. Nikajua king'ora kinalia kwa wengine. Yule mzee wa kamba."

"Yuko hai."

"Na Kiplangat wangemfuta leo. Mimi ndiye ningeandika barua."

Chesang alikaa kando yake. Alikuwa ameketi na wezi wengi kwenye ngazi nyingi, na hakukumbuka hata mmoja aliyeiba kwa kuchungulia kama mama yake yuko salama. Alimweleza kwamba angeweza kuripoti kwa kamati yeye mwenyewe, ndiyo kazi aliyoitiwa. Au Nakhungu angesimama aseme kwa kinywa chake. Binti akauliza kama wanaweza kuomba kwanza, wakaomba pale pale, mkono kwa mkono, mwendesha boda boda akiwatazama kutoka chini ya mwavuli wake.

Saa nane wanakamati watano waliketi kwenye viti vya plastiki, Kiplangat akiwa pembeni na daftari magotini. Mzee Mukhisa alifungua kwa sala, akampa nafasi sajini. Chesang akasema nafasi yake anampa karani.

Nakhungu alisimama, akasema yote, kuanzia karatasi ya manjano hadi Alhamisi, na hakujitetea. Alipomaliza, Chesang aliinua kidirisha chake kwenye skrini ili kamati ione. Kwenye faili la takataka la Mlinzi, saa tatu na dakika kumi, palikuwa na CHEP9. Kwenye kidirisha, dakika ile ile, palikuwa na TAIS 21. Aliziandika ubaoni, akiingiza vipande vya kidirisha kati ya herufi za Mlinzi, hadi pakasomeka CHEPTAIS 219. Kisha akafunga kidirisha, wakangoja. Kipimo kilichofuata kiliingia kwa Mlinzi kizima. Kilichofuata pia, na cha baada yake, mvua ikizidi kupiga mabati.

"Kwa hivyo kuangalia ndiko kulikoharibu?" mwanakamati mmoja aliuliza.

"Kuangalia pale mlangoni. Mlinzi akishaandika, faili lake linaweza kusomwa na watu mia, halipungui. Nitamwekea Nakhungu kidirisha kinachosoma humo. Na mlango nitaufunga, usikubali msomaji wa pili."

Mzee Mukhisa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema kosa lililozamisha ndama haliwezi kuachwa bila neno, na hapo akamgeukia Kiplangat. Akasema yeye ndiye aliyeonewa, kwa hivyo kabla kamati haijaamua juu ya karani, yeye aseme anataka afanywe nini.

Kiplangat alisimama. Hakuwa mtu wa mikutano. Aliligeuza daftari mikononi, akamtazama Nakhungu, aliyekuwa amejifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Mimi sina kesi na huyu," alisema. "Kila siku mnanipigia mkiniuliza mashine iko aje. Mashine tu. Yeye peke yake ndiye aliuliza mto uko aje, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kuchaji simu moja kwa ile betri. Moja tu, yangu."

Mzee aliangalia wenzake. "Moja," alisema. "Nikiona ya pili nakuja huko juu kwa miguu."

Walicheka, na kicheko kikampa Kiplangat nguvu ya kunyoosha mgongo.

"Basi nasema mbele yenu wote, na mbele ya Mungu anayesikia," alisema. "Mvua ikishika mlima, mchana au usiku, kabla sijavua koti nitakuwa nimempigia Mama Agneta, nimwambie maji yako wapi. Na asiposhika simu, nitashuka mwenyewe nimbebee godoro."